Kioo Kisichobonyezwa: Kubuni Skrini za Ndani ya Filamu ya Katuni

Hotuba kwa wahuishaji na wabunifu wa michoro. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu waliokosa kufika.

Wakubwa wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

Nianze na swali. Kwenye filamu ya katuni, mhusika anapotoa simu mfukoni, anapokaa mbele ya kompyuta, au rubani anapotazama mitambo ya chombo chake, nani anakitumia kile kioo? Mtasema mhusika. Lakini jamani, mhusika hana macho. Macho yake tumeyachora sisi. Anayekitumia kioo kile ni mtu aliyekaa gizani, mkononi ameshika bisi. Mtu huyo hawezi kubonyeza. Hawezi kurudi ukurasa wa nyuma. Hawezi kuvuta herufi zikue. Ana sekunde mbili, akibahatika tatu, kisha shoti, yaani kipande kimoja cha filamu, imekatwa na hadithi imeendelea bila yeye.

Mtazamaji habonyezi. Mtazamaji anasoma. Wengi wetu tumetoka kwenye kubuni programu za simu na tovuti, na tunakuja na mazoea ya huko: menyu, alama kumi na mbili, nafasi ya mtu kuchagua. Kioo cha filamu hakina uchaguzi. Kina jambo moja la kusema, kwenye fremu, yaani picha moja kati ya zile zinazounda mwendo, ambayo hadithi inalihitaji.

Mnakumbuka filamu ya The Incredibles ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Brad Bird? Baba wa familia ile anaingia kwa siri kwenye kompyuta ya adui. Neno la siri, KRONOS, ameliona limechomwa kwenye ukuta wa pango na shujaa mwenzake aliyefia humo. Analiandika. Kioo kinaanza kumwonyesha: picha ya shujaa, jina lake, kisha neno moja lenye maana kwamba ameangamizwa. Halafu roboti iliyomwangamiza. Shujaa mwingine, neno lile lile. Roboti nayo inashindwa, linakuja toleo jipya, linaua mwingine. Hakuna mtu anayemweleza kitu. Kioo ndicho kinachoeleza, na kinaeleza kwa mpangilio mmoja tu unaojirudia: sura, jina, neno. Ukishaiona kadi ya kwanza, ya pili huhitaji kuisoma, unaijua. Kwa hiyo kasi inaweza kuongezeka na bado mtazamaji yumo. Kisha mpangilio unavunjwa mara chache tu, kwa mkewe ambaye haijulikani aliko, na kwa rafiki yake ambaye mahali alipo panajulikana. Maneno mawili matatu, na wewe kwenye kiti moyo unakwenda mbio.

Sasa tuchukue shoti moja tuifanyie kazi pamoja.

Filamu yetu ina binti, tumwite Neema. Amesimama kwenye dirisha la malipo hospitalini, mama yake yuko wodini, na anasubiri pesa kutoka kwa kaka yake. Simu inatetemeka. Anatazama. Pesa imeingia. Shoti ina sekunde mbili na nusu, yaani fremu 60, kwa kuwa filamu yetu inakwenda fremu 24 kwa sekunde.

Nani kati yenu angefungua programu ya kuchorea, akaweka ukubwa wa simu ya kisasa, pikseli 1080 kwa 2340, akaanza kupanga ujumbe? Naona mikono. Hebu tupige hesabu kwanza.

Fremu yetu ina urefu wa pikseli 1080. Neema anaonekana kuanzia kiunoni, na simu mkononi mwake inachukua moja ya tano ya urefu wa fremu. Hiyo ni pikseli 216. Simu uliyoichora kwa urefu wa 2340 inapunguzwa karibu mara 11. Herufi uliyoiandika kwa kimo cha pikseli 42, ambayo kwenye kompyuta yako ilikuwa inasomeka vizuri kabisa, sasa ina pikseli nne pungufu. Hiyo si herufi tena, ni vumbi.

Turudi kinyume. Ukitaka herufi isomwe bila taabu, ipe kimo cha pikseli 24 kwenye fremu ya mwisho. Maana yake kwenye mchoro wa simu iwe na kimo cha 260. Upana wa herufi ni kama nusu ya kimo chake, 130. Gawanya upana wa simu, 1080, kwa 130: mstari mmoja unabeba herufi nane. "Umepokea" ina herufi nane, imeingia kwa kubanana. "Thibitisha" ina kumi, haiingii. Na Kiswahili chetu, mnajua wenyewe, kinapenda maneno marefu, kwa sababu mtenda, wakati na mtendwa vyote tunavibandika kwenye kitenzi kimoja.

Kwa hiyo shoti ile haiwezi kubeba ujumbe. Mwambieni mwongozaji mapema, kabla hajawalaumu kwamba herufi hazisomeki. Sogeza kamera hadi simu ichukue robo tatu ya urefu wa fremu: hapo herufi ya pikseli 70 inatosha na mstari unabeba kama herufi 30. Au toa ujumbe nje ya simu uelee kando ya Neema, lakini huo ni uamuzi wa filamu nzima. Ukiufanya mara moja tu unaonekana ni kiraka.

Nafasi tumepata. Muda je? Ondoa fremu nane za jicho kuhama kutoka usoni kwa Neema hadi kwenye kioo. Ondoa sita za ujumbe kuingia. Zimebaki 46, kama sekunde 1.9. Kwa kadirio la herufi 12 hadi 15 kwa sekunde, unapata herufi 23 hadi 28, nafasi zikihesabiwa. Ujumbe halisi wa pesa kwa simu una nambari ya muamala, tarehe, saa, jina, salio, na unaweza kukaribia herufi 160 za meseji moja. Huo unataka sekunde kumi na zaidi. Wewe una "Umepokea Tsh 50,000". Herufi 19. Inatosha, na ndiyo habari ambayo Neema alikuwa akiisubiri. Mistari mingine ya ujumbe iache iwepo chini yake kwa rangi iliyofifia, jicho lijue ipo na lisivutwe nayo.

Hesabu hii ifanyeni wakati filamu ingali kwenye animatiki, vipande vya storibodi vilivyopangwa na sauti. Wekeni mstatili wa kijivu na maneno yale tu, bila rangi, bila pambo. Mwiteni mtu ambaye hajasoma hadithi, mwonyesheni mara moja, muulizeni kiliandikwa nini. Akishindwa kujibu, msimrudishie. Mtazamaji wa sinema harudishiwi.

Nije kwenye mwendo, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Tuseme Neema hana simu ya kisasa. Ana kitochi, kile ambacho majirani zetu wa Kenya wanakiita mulika mwizi. Kaka yake huko aliko naye anatuma pesa kwa kitochi. Mhuishaji mwenye ujuzi, kwa nia njema kabisa, anachora menyu ya kutuma pesa ikiteleza kwa ulaini kutoka kulia, mistari ikifuatana mmoja baada ya mwingine. Nzuri kutazama. Na ukumbi mzima umejua kwamba ni uongo. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu humu amewahi kupiga nyota, nambari, reli. Menyu ile haitelezi. Unabonyeza, kioo kinakaa kimya, kuna maneno ya kusubiri, unasubiri, moyo unadunda, kisha pap! orodha nzima imetokea kwa pamoja. Namba moja, tuma pesa. Namba mbili, toa pesa. Kisanduku cha kujibu, na kishale kinachowaka na kuzima. Ule ukimya wa kusubiri mtandao ndio tamthilia yenyewe. Mpe fremu 36, hata 48. Usiujaze na kitu.

Jicho la mtu wa kwetu linajua sana tabia ya vifaa vyake. Kwa hiyo kabla ya kuchora, chukua kifaa chenyewe, kipige picha za video, kisha hesabu fremu moja moja: kati ya kidole kugusa na kioo kujibu zimepita ngapi? Kwenye simu ya kugusa ya katuni, kitufe kibadilike fremu mbili au tatu baada ya kidole kutua. Kikibadilika kwenye fremu ile ile ya mguso, kidole kinaonekana kimechelewa. Kikibadilika kabla, basi ni uchawi. Na kama kidole kinasukuma orodha juu, orodha ifuate kidole fremu kwa fremu hadi kidole kinyanyuke, ndipo iteleze yenyewe ikipunguza kasi.

Kuna kosa lingine la mwendo ambalo halionekani mpaka vitu viwekwe pamoja. Katuni nyingi za kuchorwa kwa mkono zina michoro 12 kwa sekunde, kila mchoro unashikiliwa fremu mbili. Michoro ya kioo ikitoka kwenye programu inakwenda 24. Ukiviunganisha, mkono unaruka na kioo kinateleza, na simu inaonekana imebandikwa juu ya filamu kama stika. Dawa yake rahisi: kioo nacho kishikilie fremu mbili mbili, walau pale mkono unapokigusa.

Kwani lazima kompyuta itengeneze kitu kinachofanana na kompyuta? Mwaka 1981, kwenye filamu ya Escape from New York ya John Carpenter, ramani ya mistari inayoonekana kwenye kioo cha ndege ilikuwa mfano wa mji uliopakwa rangi nyeusi, kingo za majengo zikabandikwa utepe unaong'aa, kamera ikapita juu yake. Michoro ya kompyuta ilikuwa ghali mno wakati ule. Mtazamaji aliona kompyuta. Nawaambia haya ninyi ambao mashine zenu ni dhaifu: kioo cha katuni kinaweza kuchorwa kwa kalamu, kikakatwa kwa karatasi, kikapigwa picha. Kinachotakiwa ni mwendo wa kweli na neno linalosomeka.

Sasa mwanga.

Kioo ni taa. Hili tunalisahau kwa sababu tunakibuni kwenye faili bapa. Neema akiwa kwenye ukumbi wa hospitali wenye mwanga hafifu, simu yake inamulika kidevu na mashavu. Ujumbe ukiingia na kioo kikageuka kutoka kijani iliyokoza kuwa nyeupe, uso wake ugeuke kwenye fremu ile ile. Mpe anayepanga taa mfululizo wa picha zako autumie kama chanzo cha mwanga, asikisie kwa macho.

Mnaotumia Blender, ile programu ya michoro ya pande tatu, nisikilizeni hapa, maana nusu ya malalamiko kuhusu rangi yanatokea mahali hapa. Umechora nyeupe safi, umeiweka juu ya simu ya pande tatu, ukarenda, yaani ukaiacha kompyuta itoe picha ya mwisho, imetoka kijivu. Si macho yako. Ile mipangilio ya kuonyesha rangi, Filmic au AgX, inabana mwanga ili jua na taa kali zisiungue, na nyeupe yako ya thamani ya 1 imebanwa pamoja nazo. Pandisha nguvu ya mwanga wa kioo hadi nyeupe irudi kuwa nyeupe. Kosa la pili ni kinyume chake: rangi zimepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia. Hapo picha ya sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa vioo, imesomwa kana kwamba thamani zake ni za mwanga usiorekebishwa (linear). Rekebisha aina ya rangi kwenye picha yenyewe. La tatu, kioo kimeganda hakisogei: hukuweka tiki kwenye kujisasisha kwa mfululizo wa picha, au idadi ya fremu na fremu ya kuanzia hazilingani na shoti.

Na tafadhali, toeni mfululizo wa picha, PNG au EXR, msitoe video. Video ikikatika katikati ya kurenda umepoteza yote. Picha ikiharibika moja, unarudia moja. Ongezeni fremu nane hadi kumi na mbili kabla na baada ya shoti, kwa sababu mhariri atabadilisha mawazo, na ana haki.

Mistari myembamba nayo ina msiba wake. Mbunifu anapenda mstari wa pikseli moja, unaonekana wa kisasa. Kamera ikisogea kidogo, mstari ule unamemeta na kukatika, na ukiwa na gridi nzima ya mistari hiyo yanatokea mawimbi ambayo hukuyachora. Hesabu tena kwa fremu ya mwisho: mstari usipungue pikseli mbili, tatu ndiyo salama.

Kuna jambo moja ambalo si la uzuri, ni la afya za watu. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, sehemu moja ya katuni ya Pokémon ilirushwa kwenye televisheni jioni. Wahusika walikuwa ndani ya kompyuta. Ikaja milipuko iliyoonyeshwa kwa kubadilisha rangi nyekundu na buluu kama mara 12 kwa sekunde, kwa sekunde kadhaa. Zaidi ya watu 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali, baadhi wakiwa na degedege. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mtoto. Walitaka kuonyesha hatari, kama wewe unavyotaka kuonyesha hatari unapochora taa nyekundu ya onyo inayowaka na kuzima kwenye kioo cha chombo cha anga.

Basi shikeni kipimo hiki. Mmweko usizidi mara tatu ndani ya sekunde moja. Kwa fremu 24, kuwaka na kuzima kwa pamoja kusichukue chini ya fremu nane, na mimi nawaomba mchukue 12 au 16. Nyekundu kali ndiyo mbaya kuliko zote, na kadiri eneo linavyokuwa kubwa kwenye fremu ndivyo hatari inavyozidi. Onyo linaweza kupumua badala ya kumweka: lipande taratibu kwa fremu 12, lishuke kwa 12. Linatisha vile vile. Filamu za katuni zinatazamwa na watoto waliosogea puani mwa televisheni, chumba kikiwa giza, na mama yuko jikoni.

Nipite haraka kwenye vitu vidogo vinavyoaibisha kazi kubwa.

Chaji na saa. Umeweka asilimia 64 kwenye shoti ya kumi na asilimia 58 kwenye ya ishirini. Safi. Kisha mhariri anageuza mpangilio, na simu ya Neema inajichaji yenyewe mfukoni. Chaji, saa na alama za mtandao ziwe kwenye tabaka lake peke yake, zibadilishwe dakika ya mwisho bila kugusa kingine.

Nambari na anwani. Siku hizi mtu anasimamisha filamu na kusoma kila kitu. Usiandike nambari ya simu iliyokujia kichwani, ina mwenyewe. Ficha tarakimu za katikati kwa nyota. Ukihitaji anwani ya kompyuta kwenye mtandao, zipo zilizotengwa kwa ajili ya mifano, kama zile zinazoanza na 192.0.2 na 203.0.113, na tovuti ya example.com nayo imetengwa hivyo hivyo. Na pale nyuma panapotakiwa maneno mengi yasiyosomwa, andika Kiswahili cha kweli kinachohusu jambo lenyewe. Maneno ya Kilatini ya kujazia nafasi yakionekana kwenye kompyuta ya daktari wa Neema, hospitali yote imegeuka karatasi.

Nimalizie kwa saa, kwa sababu hii ni yetu sisi na hatutaikuta kwenye mafunzo ya watu wengine. Sauti imerekodiwa: nesi anamwambia Neema, "Rudi saa tatu." Kioo cha ukutani kinaonyesha 09:00. Mswahili anaona sawa kabisa, hata hashtuki. Macho yake yanasoma tisa na kichwa kinasema tatu, amekua hivyo. Lakini filamu ikitafsiriwa sauti kwa Kiingereza au Kifaransa, na mtafsiri akaandika tatu kama alivyosikia, kioo na mdomo vimepingana. Na yuko mbunifu ambaye, ili kuwa mwaminifu kwa mazungumzo, ataandika 03:00 kwenye kioo. Huyo amewapoteza wote, maana kwa Mswahili 03:00 ni saa tisa.

Tarakimu za kioo zibaki za kifaa, maneno yabaki ya mdomo. Andikeni kwenye karatasi inayoambatana na faili, mstari kwa mstari: shoti namba fulani, kioo kinasema 09:00, mhusika anasema saa tatu, ni asubuhi. Maneno yote ya vioo yawe kwenye tabaka linaloweza kuzimwa, na mrende toleo moja lisilo na neno hata moja kwa ajili ya lugha nyingine. Vitufe viacheni na nafasi ya theluthi moja zaidi. Na fonti mliyoichagua ijaribuni kwa neno ng'ombe kabla hamjaanza, muone kama ile alama ya king'ong'o imekaa mahali pake au imeacha pengo katikati ya neno.

Karatasi za hesabu ya shoti ya Neema ziko mezani kwa mbele. Badilisheni ukubwa wa simu, badilisheni urefu wa shoti, mpige hesabu upya, kisha tukutane hapa baada ya chai na animatiki zenu.